Maji Yanayokaa: Hotuba kuhusu Utunzaji wa Madirisha ya Nyumba za Pwani

Iliyotolewa mbele ya mkutano wa wakazi, Kunduchi, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, wajumbe, wazee wetu, mama zangu na ndugu zangu wakazi: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimeombwa nizungumze kuhusu utunzaji wa madirisha, na nimefurahi kuwa mmeniita mwezi huu wa Februari, wakati kaskazi inaelekea ukingoni na masika hayajafika. Mara nyingi fundi wa madirisha huitwa Aprili, mvua ikiwa imekwisha kuingia sebuleni, zulia limelowa na mwenye nyumba amekata tamaa; na kazi ya dirisha inayofanywa Aprili ni vigumu iwe kazi nzuri, kwa kuwa mbao imelowa, rangi haishiki na puti, ile inayoshikilia kioo, inachelewa kukauka. Leo bado tuna wiki kadhaa za jua kali mbele yetu, na ningependa tuzitumie.

Nimefanya kazi hii kwa miaka 31, kuanzia Magomeni na Upanga hadi Kigamboni na huku kwetu Kunduchi, na katika muda huo nimeng'oa madirisha mengi ambayo wenyewe waliniambia kuwa yamezeeka. Kila nilipoyalaza chini karakanani na kuyachunguza, nilikuta karibu jambo lilelile: juu pazima, ubavuni pazima, katikati pazima, na ubovu wote umejikusanya kwenye pembe mbili za chini. Dirisha la namna hiyo halikuwa limezeeka. Lilikuwa limekaliwa na maji mahali pamoja kwa miaka mingi, bila mtu kuinama kutazama. Hilo ndilo nililokuja kuwaambia, na yote nitakayoyasema yanatokana nalo: maji yanayopita hayaliui dirisha, maji yanayokaa ndiyo yanayoliua. Mvua ya masika, hata ikipiga usiku kucha, maadamu inatiririka na kuondoka, madhara yake ni madogo. Tone linalobaki nyuma ya puti iliyopasuka, au ndani ya reli iliyojaa mchanga, au chini ya kichwa cha ubao, yaani ncha yake iliyokatwa, kisichopakwa rangi, hilo halipumziki.

Nianze na chumvi, kwa sababu sisi ni watu wa pwani na wengine hapa mnaisikia bahari mkiwa kitandani. Upepo wa kusi, unaovuma kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, hupita juu ya mawimbi na kubeba matone madogo mno ya maji ya bahari, ambayo hukauka njiani au ukutani na kuacha chumvi. Chumvi hiyo ina tabia ambayo kila mpishi aliyeko hapa ameiona jikoni: kopo likiachwa wazi, chumvi hulowa yenyewe. Unyevu wa hewa ukivuka takriban asilimia 75, chumvi huanza kunyonya maji kutoka hewani mpaka ikayeyuka, na katika jiji letu usiku mwingi wa mwaka unyevu huo unavukwa. Maana yake ni kwamba bawaba yenye vumbi la chumvi hulala imelowa hata kama mvua haijanyesha kwa mwezi mzima. Mwenye nyumba hushangaa kuona kutu wakati wa kiangazi, kumbe chuma chake hakijawahi kukauka kikamilifu tangu kilipofungwa.

Jambo linalofuata limewashangaza wateja wangu wengi. Katika nyumba moja, dirisha linaloliwa na kutu haraka zaidi mara nyingi ni lile lililo barazani, chini ya paa refu, ambalo mvua hailifikii kabisa. Lile lililo wazi hupokea chumvi na baadaye huoshwa na mvua. Lile la barazani hupokea chumvi ileile na kuihifadhi mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo ukiwa na muda wa kuosha madirisha mawili tu, anza na yale uliyodhani kuwa yamesalimika.

Kuosha kwenyewe ni kazi nyepesi. Maji safi, sabuni ya maji kidogo, kitambaa laini, kisha kusuuza kwa maji mengi na kufuta fremu, bawaba na komeo, siyo kioo peke yake. Nyumba zinazotazamana na bahari zifanye hivyo kila mwezi. Walio mbali kama Goba au Kimara, kila baada ya miezi mitatu inawatosha. Waya wa kusugulia sufuria usiguse aluminiamu wala kioo, na magadi makali nayo yakae mbali na aluminiamu, kwa kuwa huila. Ila nawaomba sana mchunguze maji mnayotumia. Visima vingi vya mwambao huu vina maji ya chumvi, na mtu anayeosha dirisha kwa maji hayo anaongeza chumvi juu ya chumvi, halafu anashangaa kwa nini juhudi yake haizai matunda. Yaonje kwanza. Kama yana chumvi ulimini, tumia maji ya bomba ya DAWASA au ya mvua uliyoyakinga. Ndoo moja inatosha madirisha manne ikitumiwa kwa uangalifu.

Sasa nije kwenye mbao, na hapa mtaniwia radhi nikikaa kidogo, kwa sababu ndiko nilikoanzia. Nyumba ya wazazi wangu Magomeni ina madirisha ya mninga yaliyofungwa kabla sijazaliwa. Mninga ni mbao inayosifiwa kwa kutosinyaa wala kupinda sana inapolowa na kukauka, na hiyo ni sehemu ya sababu ya madirisha yale kuwapo hadi leo. Sehemu iliyobaki ni marehemu baba. Kila mwaka, mvua za vuli zikishakatika, alipita dirisha hadi dirisha akipapasa kwa kidole chini ya ubao wa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Palipokuwa laini alipabonyeza kwa ncha ya kisu. Kisu kikikataa kuingia, alisonga mbele. Kikizama, alikaa hapohapo mpaka kazi iishe. Mimi nilimshikia kopo la rangi, na nakiri kwamba kwa miaka mingi sikuelewa kwa nini mtu mzima ahangaike na sehemu ambayo hakuna mgeni atakayeiona.

Nilielewa nilipojifunza jinsi ubao unavyooza. Kuvu wanaoozesha mbao hawawezi kufanya kazi kwenye ubao mkavu. Wanahitaji unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi ya uzito wa ubao ukiwa mkavu. Ubao uliopakwa rangi vizuri pande zote ni nadra kufika hapo. Lakini ubao ni mti, na mti una mirija inayokwenda kwa urefu wake, kwa hiyo hunywa maji kwa vichwa vyake haraka kuliko kwa ubavu. Vichwa hivyo viko wapi kwenye dirisha? Viko chini, kwenye miguu ya bawa, yaani ile sehemu inayofunguka, na kwenye viungo vya pembe. Mafundi wengi hupaka rangi bawa likiwa limekwisha kuning'inizwa, na brashi haifiki ukingo wa chini. Dirisha linaondoka mikononi mwa fundi likiwa limevaa shati zuri na miguu mitupu. Basi, mara moja katika maisha ya dirisha lenu, fungueni skrubu za bawaba, geuzeni bawa miguu juu, mpige msasa, mpake rangi ya kwanza mara mbili mpaka ubao ukatae kunywa, kisha rangi ya mwisho. Baada ya hapo mnaweza kufanya kama baba, kupapasa kila mwaka.

Puti nayo inastahili maneno yake. Puti ya asili ni unga laini wa mawe ya chokaa uliokandwa kwa mafuta ya kitani, na baada ya miaka ya jua letu huwa ngumu kama jiwe, hupasuka, na maji hupata njia ya kushuka nyuma yake hadi kwenye ubao au chuma. Puti iliyopasuka msiipake rangi juu mkadhani mmeitibu. Iondoeni kipande kilichokufa, pakeni ubao ulio wazi rangi ya kwanza, kwa sababu ubao mkavu hunyonya mafuta ya puti mpya na kuifanya ivunjikevunjike, ndipo muweke nyingine. Iacheni wiki moja hadi mbili ipate ngozi, kisha ipakwe rangi. Na rangi hiyo ipande juu ya kioo kwa milimita 2 hivi. Nasisitiza hili kwa sababu wapaka rangi wetu, kwa nia njema kabisa ya kupendezesha, hukwangua kwa wembe mpaka ukingo wa puti. Mstari ule mwembamba waliouondoa ndio uliokuwa unaziba njia ya maji.

Kabla sijaacha mbao na ukuta, tazameni kizingiti cha nje. Kinapaswa kuteremka kuelekea nje, na chini ya ukingo wake kiwe na mfereji mdogo unaokata maji ili yadondoke badala ya kutambaa kurudi ukutani. Fundi aliyepiga lipu upya bila kuacha mfereji huo amewaletea madoa ya unyevu ambayo rangi ya ukutani haitayaficha kamwe.

Chuma tutakipitia kwa upande wa grili, kwa kuwa karibu kila nyumba hapa inayo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo maana mguu wa grili uliozikwa kwenye lipu huvimba na kuupasua ukuta, na madirisha ya zamani ya chuma huvunja vioo vyake yenyewe bila kuguswa. Mahali pa kutazama ni pale nondo inapoingia ukutani na pale pembe za chini zilipochomelewa. Piga brashi ya waya mpaka chuma king'ae, kisha, na hapa wengi huruka, osha kwa maji safi ili kuondoa chumvi iliyojificha kwenye vishimo vya kutu, subiri kikauke juani, na upake rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo. Chuma kitupu kikilala usiku mmoja Kunduchi, asubuhi kimekwisha kuanza kutu tena, na kazi yote imekuwa bure.

Kuhusu grili kuna jambo linaloninyima raha kila ninapoingia kwenye nyumba za watu. Grili nyingi za vyumba vya kulala zimechomelewa moja kwa moja, hazifunguki. Moto ukizuka upande wa mlango, aliyemo ndani hana pa kutokea, na Zimamoto, hata ukiwapigia 114 wakaja haraka, watahitaji muda wa kukata chuma. Naomba kila chumba cha kulala kiwe na grili moja yenye mlango mdogo wenye bawaba na kufuli, ufunguo ukining'inia ndani mahali ambapo mtoto mkubwa anaufikia na mkono wa mtu aliye nje hauufikii. Na mlango huo ufunguliwe kila mwezi siku ya kuosha madirisha, kwa sababu bawaba iliyoshikwa na kutu haina tofauti na grili isiyofunguka. Fundi wa kuchomelea anaweza kuifanya kazi hiyo kwenye grili iliyopo bila kuibomoa yote.

Madirisha ya aluminiamu ndiyo yanayojaza nyumba mpya, na watu huyanunua wakiamini kwamba hayahitaji matunzo. Aluminiamu hujifunika kwa utando mwembamba unaoilinda, hilo ni kweli, lakini chumvi hutoboa utando huo na kuacha vishimo vyeupe vyenye unga. Ikifungwa kwa skrubu za chuma cha kawaida, mbele ya maji ya chumvi metali hizo mbili huanza kulana, na pembe za fremu hulegea. Skrubu ziwe za chuma cha pua, kile kisichoshika kutu upesi. Saruji mbichi inayodondokea fremu au kioo wakati wa ujenzi ifutwe saa hiyohiyo, kwa maana ikikauka huacha alama isiyotoka.

Lakini kosa kubwa kwenye madirisha ya kusukuma pembeni nililifanya mimi mwenyewe, na ninalisema ili lisirudiwe. Mteja wangu mmoja wa Mbezi alilalamika kuwa sisimizi wanaingia kupitia vitundu vidogo vilivyo mbele ya reli ya chini. Nilichukua silikoni nikaviziba vyote. Masika yalipofika, reli ikajaa kama beseni, na kwa kuwa maji hayakuwa na pa kwenda nje, yalimwagikia ndani, kwenye chumba cha watoto, juu ya godoro. Vile vitundu ndivyo njia ya maji. Reli hutengenezwa ikijulikana kwamba maji yataingia, na vitundu vipo ili yatoke. Nilivizibua na kumlipa hasara yake, na tangu siku hiyo kila ninapofika nyumba yenye madirisha hayo kitu cha kwanza ninachofanya ni kumimina kikombe cha maji kwenye reli na kuhesabu muda yanaochukua kutoka. Fanyeni hivyo leo jioni. Maji yakisimama, zoeni mchanga kwa mswaki wa zamani na mzibue kwa kijiti. Kama sisimizi ni kero, kipande cha wavu mbele ya kitundu kinatosha. Reli msiipake mafuta ya gari wala grisi, kwa sababu vumbi letu hushikamana nayo na kuwa tope linalosaga vigurudumu. Nta ya mshumaa inafaa zaidi.

Na kwa vile nimeitaja silikoni: ile inayonuka kama siki inapokauka ina asidi, na haifai kugusana na chuma, wala haishiki vizuri kwenye saruji. Mwombeni muuzaji isiyo na harufu hiyo.

Naomba pia nizitetee luva, yale madirisha ya vipande vya kioo vinavyoinamishwa. Siku hizi watu wanazing'oa kwa aibu, kana kwamba ni alama ya umaskini, na kuweka madirisha ya kusukuma. Dirisha la kusukuma hufungua nusu tu ya tundu lake. Luva hufungua karibu tundu zima, na huweza kuachwa zimeinama hata mvua ndogo ikinyesha, hewa ikaendelea kupita. Katika jiji ambalo Januari joto la mchana hupita nyuzi 30, tofauti hiyo huhisiwa na kila aliyelala bila umeme. Udhaifu wake ni vishikio: vikikakamaa kwa chumvi, mtu hulazimisha mkono wa kufungulia na kimoja huvunjika, kioo hulegea, na mwizi hukichomoa kutoka nje. Vishikio vikioshwa na kuchezeshwa kila mwezi havikakamai, na kimoja kikivunjika hubadilishwa peke yake. Kabla ya kuzing'oa luva nzima kwa ajili ya vishikio vitatu, fikirini mara mbili.

Wavu wa mbu utunzwe kama sehemu ya dirisha. Wengi huuona ni wa malaria, kwa hiyo hawajali tundu likiwa mahali ambapo hawalali. Lakini jiji hili limepata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu wa dengi huuma mchana, sebuleni na jikoni. Wavu wa mabati huoza upesi karibu na bahari, wa nyuzi za plastiki unadumu zaidi. Usugueni kwa brashi laini na sabuni, kwa kuwa wavu uliojaa vumbi huzuia upepo karibu kama ukuta. Tundu dogo lishoneni kwa uzi wa kuvulia samaki.

Wapangaji wataniuliza kazi hii ni ya nani. Maoni yangu ni kwamba kuosha, kuzibua na kutoa taarifa ni kwa anayeishi humo. Rangi, puti, grili na vipuri ni kwa mwenye nyumba. Na yaandikwe kwenye mkataba ili kusiwe na kutupiana mpira kioo kikianguka. Ila mpangaji anayeona maji yamesimama kwenye reli na kunyamaza miaka miwili kwa sababu nyumba si yake, naye ana sehemu yake katika hasara hiyo.

Mwisho, wekeni daftari. Ukurasa mmoja kwa kila dirisha: lilifungwa lini, vioo vyake vina upana, urefu na unene gani, rangi ya mwisho ilikuwa ipi na ilipakwa mwezi gani, vigurudumu vyake ni vya namna gani. Gurudumu likivunjika baada ya miaka 10, duka lililokuuzia huenda halipo, na kipuri utakitafuta Kariakoo ukiwa na kipimo mkononi au ukiwa unakisia. Kwangu daftari hilo limeokoa madirisha mengi kuliko chombo kingine chochote nilicho nacho.

Nimekuja na bawa la mbao lenye puti iliyokufa, puti mpya, na reli ya aluminiamu yenye vitundu vilivyoziba, vyote viko pale mezani. Walio na maswali waulize sasa, na watakaopenda kujaribu kwa mikono yao wasogee. Wenye luva za zamani ambao wamekosa vioo vya saizi yao wabaki baada ya mkutano, wanitajie vipimo niviandike. Jumamosi nakwenda kwa mkata vioo.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.